Pumzi ya Mtoto Asiyemwona Baba

Mama aliniambia kwamba baba yangu alikufa kabla sijazaliwa. Sikuwahi kumuuliza zaidi, kwa sababu pale kwetu Petta kila mtu alilijua jambo hilo, hata wasiohusika. Baba alikuwa mtu wa malori. Gari lake lilipinduka upande wa Kenya, mbali huko, na ndugu zake wakamzika kabla habari hazijamfikia mama. Hakukuwa na kaburi la kunionyesha. Mama alinyoa nywele, akarudi kwa mama yake na mimi nikiwa tumboni, akajifungulia kwenye nyumba ile ile aliyozaliwa yeye. Mjane hupewa heshima yake kidogo. Si nyingi, lakini inatosha watu kumpisha njia kisimani.

Kazi aliyoipata ilikuwa kwenye misheni, mwendo wa mguu kutoka kwetu. Alimpikia na kumfulia mtawa mmoja mzee kutoka Ayalandi. Sista huyo hakuwa muuguzi. Kazi yake ilikuwa kufundisha wasichana kushona, na alikuwa ameishi Uganda miaka mingi kuliko aliyoishi kwao. Kiswahili chake kilikuwa kama cha soko la Busia mpakani, hakijali ngeli hata moja, lakini hakuna aliyeshindwa kumwelewa.

Mimi nilikulia katika jikoni lile. Nilikaa juu ya gunia la mkaa nikiwasikiliza wanawake wawili wakibishana kuhusu dawa za nyumbani. Sista alikuwa na dawa za bibi yake, mama alikuwa na za bibi yake, na kila mmoja alitaka za kwake zishinde. Mama alipougua titi wakati ananinyonyesha, sista alimfunga jani la kabeji kifuani, na uvimbe ukapungua. Sikio likiuma, chumvi ilikaangwa ikatiwa ndani ya soksi, ukailalia. Jipu lilikandwa kwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya moto. Kwetu mkate haukuwepo, kwa hiyo mama alitumia posho, ugali wetu wa mahindi, na jipu halikujua tofauti. Kwa baridi yabisi sista alitembea na kiazi kibichi mfukoni. Alisema kiazi kinavyokauka ndivyo kinavyovuta maumivu. Mama alimwambia hiyo ni njia ya kupoteza kiazi, akamchemshia majani ya mululuza. Sista akanywa huku amekunja uso, akasema uchungu ule kwao wangempa shetani.

Siku moja sista alisema kwamba kwao mtu akilamba mjusi, ulimi wake unaponya majeraha ya moto maisha yake yote. Mama alicheka hadi akaweka sufuria chini.

"Wewe ulilamba?" alimuuliza.

"Mimi niliogopa. Kaka yangu ililamba."

"Iliponya mtu?"

"Iliponya ng'ombe mmoja."

Nayataja haya kwa sababu nataka ijulikane kwamba wakati mmoja dawa zile zilikuwa kicheko tu. Hazikuwa na foleni.

Sista alikuwa anapepeta unga kutoa fukusi aliposema lile jambo lingine. Alinitazama nilipokaa, akamuuliza mama kama ni kweli kwamba sikumwona baba yangu hata siku moja. Mama akasema ni kweli.

"Kwetu," sista akasema, "mtoto hajaona baba yake, pumzi yake ni dawa. Mtoto mchanga iko na utando mweupe kwa mdomo, hawezi kunyonya, wanampeleka kwake. Asubuhi, kabla hajakula kitu. Anampulizia mdomoni. Bibi yangu aliona kwa macho."

Akaendelea kupepeta unga. Mama alikuwa anamenya ndizi, akaacha kumenya.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa jirani yetu. Mama alinitoa kitandani kabla jogoo hajamaliza kuwika. Aliniosha uso, akaniambia nisinywe hata maji. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, mdomo umejaa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Mama akamshika kichwa. "Puliza," akaniambia. "Polepole. Mpaka ndani." Nikapuliza. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikaniingia puani, na mtoto akanitazama kwa mshangao, akasahau kulia. Tukarudia asubuhi nyingine, kisha nyingine. Mtoto akapona, akanyonya. Mama yake alituletea kuku.

Baada ya hapo watu hawakukatika. Walitoka Petta yote, kisha Buteba, kisha Bulumbi, wengine wakavuka kutoka upande wa Kenya. Walikuja kwa baiskeli za boda na kwa miguu, wakafika alfajiri na kukaa chini ya kibanda cha jikoni kwetu, kila mmoja na mtoto wake. Mimi niliwapulizia wote kabla ya kunywa uji, na uji nilipoupata ulikuwa umepoa na kengele ya shule ilikuwa imelia zamani. Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa. Watoto wenzangu waliniita Asiye na Baba. Waliniita hivyo kama jina la kazi, kama vile mtu anavyoitwa Seremala.

Mama alibadilika. Sijui nilieleze vipi jambo hili bila kumwonea. Alikuwa mwanamke aliyetembea kando ya njia, na sasa alitembea katikati. Wanawake waliokuwa hawamwaliki kwenye vikundi vyao walimletea karanga na mayai. Kanisani alipata benchi la mbele. Na kila mgeni alipofika, mama alianza kwa kusimulia kifo cha baba: gari lilivyopinduka, ndugu walivyomzika haraka, alivyopata habari akiwa anaanika mtama. Kila aliposimulia kiliongezeka kitu. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza baba yangu akifa kila asubuhi, halafu naitwa nipulize.

Sista alikuja kuona kwa macho yake. Alitembea kwa fimbo, akasimama mbele ya kibanda, akawatazama wale akina mama na watoto wao. Uso wake ukawa mwekundu.

"Ile ilikuwa hadithi ya jikoni," alimwambia mama. "Hawa peleka hospitali."

"Sista, wewe mwenyewe ulisema bibi yako aliona."

"Bibi yangu aliona vitu mingi. Aliona pia malaika kwa kisima."

"Lakini wanapona."

"Huo ugonjwa mara nyingi inapona yenyewe. Na ile haiponi yenyewe, hii mtoto haiwezi kuponya."

Mama alimletea kiti, akamletea chai, akamwonyesha heshima zote, na kesho yake watu wakaja kama kawaida. Mwaka ule ule sista alirudishwa kwao kwa sababu ya uzee. Alinipa sindano na makasi, akanishika shavu, akasema "pole." Nilidhani anasema pole kwa sababu anaondoka.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, naota matiti, alipokuja mwanamke mmoja wa Bulumbi. Mtoto wake alikuwa amekonda hadi ngozi ya mapaja inakunjika, na utando mdomoni ulishuka hadi kooni, ukawa wa manjano. Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi wakati ule, na siku hizi najua walikuwa wanaumwa nini, wao na mama zao. Nilimpulizia. Hakuwa na nguvu hata ya kunishangaa. Mama akamwambia yule mwanamke arudi tena na tena, pumzi inataka imani. Yule mwanamke akarudi kila alipoambiwa. Kisha hakurudi.

Alipokuja tena alikuwa peke yake, kitenge cha kubebea mtoto amekifunga kiunoni. Ilikuwa mchana. Mama alikuwa anachambua karanga, mimi nilikuwa ndani nikishona kando ya dirisha. Yule mwanamke alikaa chini bila kukaribishwa.

"Sikukuja kugombana," alisema. "Nakuja kuuliza. Baba ya huyu msichana alikufa kweli?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mimi nauza chakula Busia, pale malori nasimama kungoja kuvuka. Kuna dereva mmoja nakula kwangu. Nilimwambia mtoto yangu alikufa, kwamba nilimpeleka Petta kwa msichana wa pumzi. Akaacha kula. Akasema, huyo msichana ni damu yangu."

Nilingoja mama amfukuze. Nilingoja amwite mwongo, aite majirani. Badala yake nilisikia maganda ya karanga yakiendelea kuvunjika.

"Sharti si kufa," mama akasema. "Sharti ni kutomwona. Na huyu hajamwona."

Yule mwanamke alikaza fundo la kitenge kiunoni. "Basi mtoto yangu alikufa kwa nini?"

"Mungu alimtaka."

"Mungu," yule mwanamke akasema. Akainuka, akakung'uta vumbi, akaondoka. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Nilitoka nje na nguo niliyokuwa naishona mkononi. Mama alijua nimesikia, hakujifanya. Nilimuuliza kama baba yu hai.

"Kwangu alikufa," alisema.

"Kwangu je?"

Hapo ndipo aliponieleza. Alikuwa anauza mahindi ya kuchemsha barabarani, malori yanaposimama, ndipo alipomjua baba. Kwao ni Waislamu wa Busia mjini, watu wa biashara na magari. Alipopata mimba alikwenda nyumbani kwao, akamkuta amekaa barazani na mama yake. Mama mtu akauliza, unamjua huyu? Naye akasema hamjui.

"Ningerudi hapa niseme nini?" mama aliniuliza. "Kwamba nimekanwa? Msichana aliyekanwa anachekwa mpaka kuzeeka. Mjane anapewa kiti."

"Hakuja kunitafuta?"

"Alikuja. Ulikuwa mdogo, nikakufungia ndani kwa bibi yako. Akaja tena baadaye, umeshaanza kupuliza. Nikamkuta njiani. Nikamwambia, ukimwona huyu mtoto na yeye akakuona, utamnyang'anya kitu pekee alichonacho. Akageuza gari." Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. "Kutokuwepo kwake ndicho kitu alichotuachia. Mwingine angeachiwa shamba. Mimi niliachiwa hicho, nikakilima."

Sikulia mbele yake. Nilianza kula. Kila alfajiri, kabla hajaja kuniamsha, nilikula kipande cha kiazi kitamu cha jana nilichokificha chini ya godoro, nikamung'unya taratibu, nikajifuta mdomo. Kisha nikatoka nje kuwapulizia watoto wa watu kwa pumzi iliyoharibika. Nilitaka dawa ishindwe, waseme msichana ameisha, waende zao.

Watoto walipona vile vile. Waliokuwa wa kupona walipona, na wa kufa walikufa, kama ilivyokuwa nilipokuwa nafunga. Akina mama walirudi na mayai kunishukuru. Hapo nikajua kwamba utoto wangu ulikwisha kwa kitu ambacho hakikuwepo, na kwamba baba niliyenyimwa nilinyimwa bure. Bibi alinikuta siku moja natafuna. Alinitazama, akaangalia nje walikokaa wageni, akageuka akaendelea kufagia. Hakumwambia mama. Nilimpenda kwa hilo, lakini nilimchukia pia, kwa sababu yeye naye alijua tangu mwanzo.

Mwishowe nilimaliza shule Tororo na sikurudi nyumbani. Nilikwenda Busia na sindano zangu, nikapanga kibaraza karibu na soko, nikawa fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya harusi, na mabuibui pia, kwa sababu wateja wangu wengi ni wake za wafanyabiashara. Miaka mingi nilikaa mji mmoja na baba yangu bila kumtafuta. Nilimwona kila mahali. Mzee akipita na kanzu kwenda msikitini Ijumaa, niliangalia masikio yake, mwendo wake, vidole. Niliwapima wanaume wa mji ule kwa macho kama ninavyopima kitambaa, kisha nikarudi kwenye cherehani.

Mwaka jana nilisikia kutoka kwa mteja kwamba mzee fulani, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa, hatoki tena nyumbani. Alivyoeleza ukoo wake na nyumba yao, vile vile alivyoniambia mama, nilijua. Nilifunga kibaraza mapema, nikaenda.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio ndogo mapajani. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kabisa. Nilitoa salamu, akaitikia, akageuza uso upande wangu lakini si mahali niliposimama. Nilimwangalia vizuri. Nilikuwa na wakati wote niliotaka. Masikio ni yangu, paji ni langu.

"Nani?" akauliza.

"Natoka Petta."

Akazima redio.

Hakukana safari hii. Mama yake alikuwa amekufa, labda ndiyo sababu. Aliniambia nikae. Aliuliza kama mama yu mzima, nikasema yu mzima. Aliuliza kama nimeolewa, nikasema niliolewa nikaachana. Kisha akasema jambo ambalo, naamini, alikuwa amelingoja kulisema, kwa sababu alilisema kwa furaha.

"Mimi nilikushukuru siku nyingi kwa moyo, sikupata nafasi kwa mdomo. Wewe uliponya mtoto wangu."

"Mtoto gani?"

"Kijana wangu, huyu wa pili. Alikuwa mchanga, mdomo umeharibika, hanyonyi. Hospitali walimpaka dawa ile ya zambarau, ikakataa. Watu wakasema, Petta kuna msichana. Nilijua ni wewe. Nilimleta na mama yake kwa lori."

Nilimkumbuka yule mwanamke. Alikuwa wa pekee kati ya wote, amevaa buibui jeusi lenye vumbi la njia hadi magotini, na alikataa uji wa bibi kwa adabu nyingi. Siku ile mama yangu hakumshika mtoto kichwa. Aliingia ndani, akamwachia bibi kazi hiyo, na hakutoka hadi wageni walipoondoka. Mimi nilipuliza kama kawaida.

"Na wewe ulikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Ndani ya gari, pale barabarani. Niliwaona kwa mbali. Nilitaka kushuka. Lakini mama yako alishaniambia, ukiniona dawa inakatika. Na mtoto alikuwa anaumwa sana."

"Mtoto," nilisema.

"Ndiyo. Anakwisha mikononi mwetu. Ningeshuka vipi?"

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwa nini alibeba mwavuli. Alinitazamia nielewe. Na mbaya zaidi ni kwamba nilielewa. Baba yoyote angekaa ndani ya lori.

"Mimi nilikuwa nani pale, mzee?"

Alifikiri kweli kweli, nakubali. Vidole vyake vilizunguka kitufe cha redio.

"Wewe ulikuwa mwenye dawa," alisema.

Mtoto yule siku hizi anaendesha lori, anapeleka mizigo hadi Juba. Picha yake ipo ukutani, amesimama mbele ya gari, meno meupe, amejaa afya. Mzee alinialika nirudi Idi nimkute. Nilisema nitaona. Aliponyoosha mkono wa kuaga aliunyoosha pembeni kidogo, ikabidi nisogee ili niushike. Ulikuwa mkono laini wa mzee asiyefanya kazi. Sikusikia kitu chochote. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hasira au huzuni, hata furaha, lakini nilichosikia ni njaa tu, nikanunua chapati njiani.

Bado wapo wanaonifuata. Wiki chache zilizopita mwanamke kijana alikuja kwenye kibaraza changu na mtoto, akasema bibi yake wa Buteba amemwelekeza kwangu. Nilifungua mdomo wa mtoto, nikaona utando. Nikamwambia aende zahanati, ampime mtoto na ajipime mwenyewe, kuna dawa ya matone siku hizi, inafanya kazi. Alinikasirikia. Alidhani nataka nibembelezwe.

"Kupuliza tu kunakugharimu nini?" aliniuliza.

Nilimwandikia jina la zahanati kwenye kipande cha kitambaa kwa chaki ya kushonea, naye akakitupa kabla hajafika kona.

Mwezi uliopita nilikwenda Petta kumwona mama. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini bado analima mwenyewe. Nilimwambia nimemwona baba. Nilimwambia jikoni, tukiwa tumekaa, kwa sababu sikutaka alisikie kwa wengine. Akageuza kuni.

"Basi dawa umeimaliza," alisema. "Umeimaliza kwa mikono yako."

"Haikuwepo, mama."

"Ilitulisha."

"Ilikulisha wewe."

Hakukasirika. Alipakua kalo, ugali wa ulezi, akaniwekea kipande kikubwa kuliko chake kama anavyofanya siku zote, akanisogezea mchuzi. Tukala. Katikati ya kula akauliza, bila kuniangalia, kama baba bado ana nywele.

"Chache," nilisema. "Nyeupe."

Akatikisa kichwa. Aliuliza kama huyo mwanamke wake bado yupo, nikasema sikumwona, sikuuliza. Akanawa mikono, akachukua jembe lake ukutani, akarudi shambani. Nilimtazama akilima hadi nilipochoka kumtazama, kisha nikaosha vyombo, nikaita boda, nikarudi Busia. Nilikuwa na sare za kumalizia.